Taa na sauti katika mkahawa wa Mji Mkongwe
Ndugu yangu, umeeleza kwamba wageni wa mkahawa wako hapo Shangani hula upesi na kuondoka, ingawa wanamsifu pweza wenu wa nazi. Taa ni jambo jepesi: balbu nyeupe za kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) huufanya mchuzi uonekane umepauka, basi weka zenye mwanga wa manjano, kelvini 2,700, zikining'inia juu ya kila meza.

Kazi kubwa zaidi ni sauti. Kuta za mawe zilizopigwa lipu ya chokaa na sakafu ya saruji hurudisha kila kelele, kila mtu hupaza sauti ili asikike na mwenziwe, meza ya jirani nayo hupaza zaidi, na muziki ukiongezwa juu yake hapana mazungumzo tena. Mikeka peke yake haitoshi; tundika mapazia mazito na uweke mito ya sufi kwenye mabaraza, kisha punguza taarabu hadi watu wawili wasikilizane bila ya kuinamiana. Ile spika kubwa ya mlangoni (najua vijana wako wanaipenda) iondoe, utawanye ndogo ndogo zinazopiga kwa sauti ya chini.