Kupumua kwa matone: ninavyovuka saa za krizi ya SS kitandani

Baridi ya Lubumbashi wageni hawaiamini mpaka iwakute. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na kwa sisi wenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, huo ndio msimu wa kulazwa. Baridi inabana mishipa, maji hatunywi kwa kuwa kiu haiji, na chembe nyekundu zilizojikunja kama mundu zinakwama humo ndani. Mfupa ukikosa oksijeni, unalia: hiyo ndiyo krizi. Hata siku yetu, 19 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2008, mara mbili imenikuta wodini.

Nimezaliwa na SS, nimekulia Katuba, hapa hapa Lubumbashi, na vitanda vya hospitali nilivijua kabla sijajua kusoma. Leo nataka kusema juu ya muda mmoja tu: ule kati ya sindano na nafuu. Muuguzi ameshachoma, ameondoka. Mama amekukunjia kikwembe chini ya kichwa. Dawa bado haijashika. Zamani muda ule nilikuwa napigana nao. Nauma meno, nabana pumzi, mabega yanapanda hadi masikioni. Kukicha shingo na mgongo navyo vinauma, na hivyo nilikuwa nimevitesa mwenyewe.

Aliyenifundisha njia nyingine ni mama mmoja wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine. Alinikuta nimekodolea mguu wangu macho. Akaniambia: “Mwanangu, acha mguu. Angalia serumu.”

Nikaangalia ile dripu. Tone linajikusanya kwenye kile kichupa kidogo, linanenepa, linatetemeka, linaanguka. Lingine. Akaniambia nivute pumzi kwa matone mawili, tumbo lijae chini ya kiganja changu, kisha niitoe polepole kwa matone matatu, mdomo nusu wazi kama anayepoza chai. Matone yakikimbia, unaongeza hesabu. Cha kushika ni kwamba pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia, na usiibane katikati. Akili ikirudi mguuni, na itarudi, unairudisha kwenye tone bila kujigombeza. Nilifikiri ni mchezo wa kunipoteza mawazo. Akanieleza kwamba mgonjwa wa SS anayelala kimya na kupumua juu juu kwa kuogopa mbavu, mapafu yake hayafunguki vizuri chini, na hapo ndipo krizi ya kifua inapopata njia.

Wengi wanafundisha kuupitia mwili kwa fikra, sehemu kwa sehemu, kuanzia vidole vya miguu. Mimi nakushauri usianzie hapo ukiwa kwenye krizi. Nilijaribu, nilipofika gotini nilishindwa kuondoka. Anza na mahali pasipouma. Siku mbaya kabisa mimi hubaki na ndewe la sikio tu. Nalisikiliza: lina baridi, limegusa mto, haliniumi. Nakaa hapo. Kutoka hapo naweza kuongeza shavu, kisha ulimi, kisha mkono usio na sindano.

Yoga ninayofanya kitandani ukiiona utadhani najinyoosha tu. Nafungua na kufunga vidole, nazungusha vifundo vya miguu, napandisha mabega nikivuta pumzi na kuyaachia nikiitoa, nageuza shingo pole. Magoti nayakunja juu ya mto. Kiungo kinachouma sikigusi mpaka chenyewe kikubali. Hakuna kujipinda, hakuna kutoka jasho, na barafu kamwe. Kitambaa cha moto ndicho rafiki yetu.

Mama yangu mwanzoni aliogopa neno yoga. “Hayo ni maombi ya nani?” aliniuliza. Nikamwambia ni pumzi aliyonipa Mungu, naihesabu tu. Siku hizi yeye anahesabu matone kwa sauti, nami nafuata.

Sasa hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kuna usiku mmoja nilitulia hivyo, macho yamefumba, uso laini, na zamu ya usiku wakaona nimepona. Dawa ya saa sita haikuja mpaka alfajiri. Watu wamezoea kwamba mwenye maumivu hupiga kelele. Kwa hiyo sema kabla hujaanza: “Mama, nitatulia ili nipumue, lakini maumivu yangu ni nane kwa kumi.” Anayekulinda naye aandike saa ya kila dawa kwenye daftari. Huko Marekani waliwajaribu watoto na vijana wenye SS waliolazwa, matokeo yakatoka mwaka 2017: kipindi kimoja cha yoga kilipunguza maumivu kidogo, ila dawa walizohitaji hazikupungua. Ndivyo na mimi ninavyoona. Pumzi inakushika mkono wakati dawa iko njiani, na dawa lazima ije.

Na homa, kifua kuuma, pumzi kukata, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla: usihesabu tone lolote. Ita mtu.

Jifunze ukiwa mzima, jioni, baada ya bukari, yaani ugali, dakika tano. Nyumbani hakuna serumu, basi hesabu moyoni. Ila usifanye umejifungia chumbani na mbabula, jiko la makaa, inawaka. Moshi usioonekana unaua hata wasio na SS.

Juni iliyopita kitanda cha jirani kililazwa mtoto wa miaka minane, analia mpaka sauti imekauka. Mama yake alinikubalia. Nikamwonyesha tone. Alikataa, akaangalia, akakataa tena, kisha nikaona midomo yake inahesabu. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, mimi na yeye, kila mtu na chupa yake, hadi akanigeukia.

“Tantini, la tatu halijashuka.”

Kweli, mrija ulikuwa umejikunja chini ya kiwiko chake. Mama yake akakimbia kumwita muuguzi.