Saa mpya nayo ina arobaini yake

Nina saa 9. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo watu huiuliza kwanza, na kwa sababu mwaka juzi zilikuwa 14. Habari ya zile tano zilizoondoka ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Tanga. Kwetu saa ni chombo cha kazi kabla haijawa pambo. Ukishika mkono wa mama kuhesabu mapigo ya moyo, unataka mshale wa sekunde unaoonekana hata taa ikiwa hafifu. Unahesabu sekunde 30 unazidisha mara mbili, na mapigo yakiwa yanarukaruka unahesabu dakika nzima. Mkononi hatuvai, maana mikono ni ya kuoshwa kutwa. Tunabandika kifuani, imening'inia kichwa chini, ili ukiinama uisome. Ukishazoea kuitazama saa hivyo mara mia kwa siku, kuwa mgonjwa wa saa ni hatua fupi.

Wagonjwa tuko wanane. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakutana barazani kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, Ngamiani. Kuna kahawa chungu, kashata, na kitambaa cheupe ambacho kila mmoja anaweka alichovuta tangu tulipoachana. Yupo mwalimu wa hesabu, yupo dada wa benki, yupo kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kununua saa ya zaidi ya elfu 40 na anazijua kuliko sisi sote. Raha ya kile kikao sijaipata kwingine. Nyumbani ukisema saa yako inakimbia sekunde 12 kwa siku, watu wanakutazama kama umechanganyikiwa. Pale wanakuuliza, ikiwa imelala chali au imevaliwa?

Sasa, ubaya wa kitambaa cheupe ni kwamba ukifika mikono mitupu kinakutazama.

Mwaka juzi kati ya mwezi wa pili na wa nne nilinunua saa tatu. Sikuwa nimepandishwa mshahara. Ya kwanza niliipenda kweli. Ya pili niliinunua Alhamisi kwa sababu Jumamosi ilikuwa kikao. Ya tatu ilikuwa Seiko 5 ya zamani, saa ya Kijapani isiyo na betri, uso wa buluu iliyokolea, nimeiona kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, shilingi elfu 85, imeng'aa kama imetoka kiwandani jana. Fedha ya safari ya shule ya binti yangu ilikuwa kwenye bahasha kabatini. Mnajua ilikokwenda. Niliirudisha mwisho wa mwezi, lakini baada ya mtoto kuwa ameshauliza mara mbili.

Saa ilifika Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi ikawa mezani. Mzee akaichukua, akaweka lenzi jichoni, akanyamaza. Ukimjua, unajua kimya chake. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hii imepakwa."

Niliposogea akanionyesha. Maandishi ya jina yalikuwa manene, yamevimba kidogo pembezoni. Chini kabisa ya uso wa saa, penye namba ndogo zinazotakiwa kuanza na namba ya mashine, palikuwa patupu. Mfuniko wa nyuma ulisema 7009, lakini uso haukusema kitu, maana ulikuwa umekwanguliwa na kupigwa rangi upya. Wapenzi wa saa duniani kote wanazijua saa za namna hii na wanaziita za Mumbai, kwa kuwa nyingi hutengenezwa huko kwa vipuri vya saa tatu nne zilizokufa. Mashine ilikuwa ya kweli, na saa yenyewe inatembea. Ila nilikuwa nimeinadi mbele ya watu kwa robo saa nzima kama saa isiyoguswa na mtu.

Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kosa la kununua saa iliyopakwa ni la kawaida, hata mzee anazo mbili na anazivaa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa sijakaa na ile saa hata saa 24. Ningekaa nayo juma moja, nikaitazama mchana juani, ningeona mwenyewe kuwa rangi inayong'aa gizani haipo kwenye mishale, na kwamba buluu ile si ya kiwandani. Nilikuwa na haraka ya kuionyesha kabla sijaiona.

Ndipo ikanijia kazini. Sisi wa wodi ya wazazi tunamruhusu mama kwenda nyumbani, na huku pwani nyumbani kuna arobaini yake. Mama na mtoto wanakaa ndani siku 40, wageni wanasubiri. Mimi kama muuguzi nina maneno yangu kuhusu baadhi ya mambo yanayofanyika humo ndani, lakini wazo lenyewe nalipenda. Kitu kipya kinahitaji muda wa kujulikana na wenyewe kwanza. Tangu hapo kila saa ninayonunua naiweka arobaini. Naivaa, naipima, naizoea, lakini kitambaa cheupe haikioni mpaka siku 40 zipite. Na kwa kuwa za mwizi nazo ni arobaini, saa yenye siri huitoa yenyewe ndani ya muda huo.

Nimegundua mambo ambayo sikuyatarajia. La kwanza ni kwamba saa nyingi sikuzinunua kabisa. Ukijua huwezi kuionyesha Jumamosi hii wala ijayo, hamu inashuka kama homa iliyopewa panado. Zile tano nilizoziuza zote zilikuwa za mtindo huo: nilizinunua kwa ajili ya meza. Nilipokaa nazo peke yangu nikaona hatuna mazungumzo.

La pili, maelezo yamekuwa na nyama. Zamani nilisema, nimevuta hii, elfu kadhaa, nzuri eeh? Kisha ukimya. Sasa naweza kusema kwamba mashine ya Seiko iitwayo 7S26 haina mahali pa kutia ufunguo, unaitikisa tu mkononi, na ikishiba inakaa saa 40 hivi. Maana yake nikipumzika siku mbili baada ya zamu za usiku, nikaiacha kabatini, naikuta imekufa. Kijana wa bodaboda akasema yeye haijawahi kumfia, barabara za Ngamiani zinaitikisa bure. Mazungumzo yale yalikwenda mpaka kahawa ikapoa.

Ushauri wangu mkubwa kwa mtu yeyote mwenye kijiwe cha namna hii, iwe ni cha saa, redio, baiskeli, njiwa au maua ya ndani, ni kwamba wenzako wanataka maisha yako na hicho kitu kuliko wanavyotaka kukiona kitu chenyewe. Kitu kipya wanaweza kukiona dukani. Hawawezi kuona dukani kwamba mkanda wa ngozi unaoza kwa jasho la Tanga ndani ya miezi mitatu, na kwamba nailoni unaifua na sabuni ya mche inarudi kazini.

Kikao kilichochangamka kuliko vyote sikuwa nimenunua chochote. Nilipeleka saa ya marehemu baba, nayo Seiko 5 ya mashine ya 7009, imekwaruzika kioo mpaka unaisoma kwa kukisia. Nyuma ya Seiko za zamani kuna namba, na tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Ya baba inaanza na 82. Basi ni mwezi wa pili, lakini mwaka gani, 1978 au 1988? Mwalimu wa hesabu akasema haiwezekani kujua. Mzee akauliza kama kuna picha. Nikampigia mama, mama akapekua, akatuma picha ya harusi yao ya 1981: baba amesimama, suruali pana chini, mkono umewekwa makusudi mbele ili saa ionekane. 1978! Watu wazima wanane tulipiga makofi barazani kama mpira umeingia. Na nikajua kwamba ugonjwa wa kuonyesha saa haukuanzia kwangu.

Mwezi uliofuata mwalimu akaleta yake aliyopewa na shemeji yake wa Muscat, ambayo siku zake zimeandikwa Kiarabu. Alhamisi na Ijumaa tunaelewana nayo vizuri kabisa. Jumamosi inasema Sabt na kila mtu anashika njia yake.

Kuhusu bei. Wako wanaosema bei isitajwe kabisa, ni kujigamba. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mgeni asiyejua bei ndiye anayepigwa na wauzaji. Ila ukitaja, taja yote. Saa yangu moja naisema ni ya elfu 95: elfu 60 kununua, 25 kwa fundi saa kuisafisha na kuitia mafuta, 10 mkanda. Ukisema elfu 60 tu umempotosha mwenzako, ataenda na elfu 60 yake atoke na saa isiyotembea. Na utazame nani amekaa. Kuna mwezi pikipiki ya kijana wetu ilikamatwa na hakuwa na fedha ya kuikomboa. Siku ile saa yangu mpya ilikuwa imemaliza arobaini na iko kwenye mkoba, na ikabaki humo. Tulizungumza habari ya pikipiki.

Kwa upande wa nyumbani nitasema kidogo tu. Kwa muda mrefu nilikuwa na bei mbili, ya barazani na ya mume wangu, na ya mume wangu ilikuwa nusu. Ukijiona una bei mbili za kitu kimoja, hapo usitafute tena ushauri kwa mtu, umeshajibiwa.

Liko moja ambalo linanitia aibu mpaka leo, na naliandika kwa sababu najua si mimi peke yangu. Picha za matangazo ya saa karibu zote mishale imewekwa kwenye saa nne na dakika kumi, ili ifunguke kama tabasamu na jina lionekane. Mimi sizipendi, zinafanana mno. Napenda picha ya saa halisi: saa tisa usiku, zamu iko katikati, kikombe cha chai pembeni. Usiku mmoja nikapiga picha kama hiyo, nimeilaza saa juu ya meza ya kazi, nikawatumia wenzangu. Baada ya dakika mbili dada wa benki akanipigia simu, hakuandika, alipiga. "Dada, futa. Chini ya saa kuna jina la mtu." Nilikuwa nimeilaza juu ya rejista. Jina la mama mmoja lilisomeka nusu, na umri wake. Nilifuta, nikawaomba wote wafute, na kulipokucha nikamwambia kiongozi wangu wa zamu mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Nilistahili nilichoambiwa.

Maisha yako ya kila siku yamejaa watu wengine ambao hawakuomba kuonyeshwa. Siku hizi saa zangu napigia picha nyumbani, juu ya kanga, na kanga yenyewe naikunja jina lisionekane, maana nayo huweza kuleta maneno. Na napiga kwa karibu. Mwenzetu mmoja alikuwa anapenda kupiga akiwa getini kwake kila asubuhi anapotoka, namba ya nyumba nyuma, mishale inaonyesha dakika ileile. Mzee akamwambia, "Umeshawaambia wezi una nini, uko wapi, na unatoka saa ngapi. Bado kuwapa ufunguo." Aliacha.

Kwa anayeanza kabisa na anataka saa isiyomsumbua, sikilizeni nisemwe vibaya na wenzangu: nunua Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki iliyotoka 1989 na bado inatengenezwa. Betri inakaa miaka kama saba, haikimbii kama hizi zetu, na hakuna wa kukuonea wivu. Ila za bandia nazo zimejaa, kwa hiyo usinunue kwa mtu anayekuharakisha. Mimi ninayo, na ndiyo ninayovaa sokoni.

Na ndiyo, nimenunua nyingine. Leo ni siku yake ya 26. Inachelewa sekunde 8 nikiilaza chali, nikiivaa inakwenda sawa, na kuna alama ndogo karibu na tarehe ambayo bado sijaielewa. Jumamosi iliyopita nilikwenda kikaoni na mikono mirefu ya gauni, kwenye joto lile. Mzee akanimiminia kahawa, akaitazama mikono, akauliza, "Bado siku ngapi?"

Nikamwambia 14 na ushei.