Kisiwa cha jikoni cha mninga: usikubali mbao mbichi

Msomaji mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, ameniuliza wiki hii: "Dada, kisiwa cha jikoni nikiweke granaiti au mbao? Fundi wangu anasema mbao itapasuka." Najua mko wengi mnaomalizia nyumba na kuota jiko lenye kaunta katikati, mmoja anakatakata nyanya, mwingine anapara sato, hakuna anayempa mwenzake mgongo. Basi nawajibu wote. Weka mbao. Granaiti inaua makali ya kisu, lakini mbao ikichakaa unaipiga msasa na inarudi mpya. Inayopasuka ni mbao mbichi, na hiyo ndiyo wengi wetu tunayouziwa.

Nalisema hili kwa uchungu. Jiko letu la Nyegezi lilipokuwa tayari, kazi ilipewa fundi mwenye sifa kubwa mtaani. Nilimuuliza zaidi ya mara moja kama ule mninga umekauka. "Mama, huu umekaa, ondoa wasiwasi." Alipomaliza, uso wa kaunta ulikuwa mwekundu wa kupendeza, kila mgeni aliupapasa. Masika yakapita salama. Ulipoingia Julai, na ule upepo mkavu, usiku mmoja tukasikia kitu kikilia jikoni kama fimbo inayovunjika. Asubuhi kulikuwa na ufa unaoingia kisu, kutoka ukingoni hadi katikati. Fundi hakupokea simu tena. Shangazi wa mume wangu alipita kidole kwenye ule ufa mbele ya wageni, akasema, "Si tulikwambia uweke marumaru kama wenzako?" Maneno hayo bado yananiuma, maana wazo langu halikuwa baya. Kibaya kilikuwa mbao, na namna ilivyofungwa.

Mbao ikinyonya unyevu hutanuka upande wa upana, ikikauka husinyaa upande huohuo. Urefu karibu haubadiliki. Mninga ni mtulivu kuliko miti mingi, lakini nao hucheza, na sisi wa huku ziwani tuna vuli na masika, kisha Juni hadi Agosti kukavu kabisa. Yule fundi aliubana uso kwa gundi na misumari pande zote nne. Ulipotaka kusinyaa haukuwa na pa kwenda.

Uso wa pili tulitengeneza na kijana mwenye karakana ndogo Igoma, nami nikisimama pale. Mbao zake za inchi mbili kwa sita zilikuwa zimepangwa chini ya paa, vijiti katikati, hewa inapita. Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Akazipasua vipande vyembamba, akavilaza ubavu, pete za mti zikielekea juu na chini kwa zamu ili vipande vizuiane kupinda. Gundi isiyoachia kwa maji, klampu moja juu moja chini, hadi kesho yake. Halafu randa na msasa, na hapo vaa barakoa, maana vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Kabati la chini ni kazi ya kawaida, kimo cha kiunoni, na kulizunguka acha kama mita moja.

Uso hakuugandisha kwenye kabati. Alichonga matundu marefu kwenye fremu, akapitisha skrubu zenye washa (vile visahani vyenye tundu) kutokea chini, akazikaza kiasi, ili uso usogee bila kung'oka. Kiangazi kimekuja na kuondoka. Pitisha kidole popote unapotaka, hakuna ufa. Shangazi ameshaula ugali juu yake.

Kwa hiyo, dada zangu, mbao ikauke. Kaka zangu mnaojenga, mbao ikauke. Msiambiwe "mama hajui mbao" mkanyamaza. Jiko ni lako, fedha ni yako, una haki ya kuuliza mpaka fundi akuchoke. Omba kipande, kipime kwenye mzani wa dukani, kiache ndani wiki kadhaa, kipime tena. Kama bado kinapungua uzito, usiruhusu gundi ifunguliwe. Fundi anayekasirikia mzani, achana naye.

Na mbao ikikauka, ipakeni mafuta juu na chini. Upande usiopakwa hunyonya unyevu haraka kuliko mwenzake, uso unajikunja. Mimi hutumia parafini ya maji, ile ya kunywa inayouzwa famasi, sehemu nne kwa sehemu moja ya nta ya nyuki, nikiziyeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. Alizeti hapana, inachacha na kunuka. Sangara ana ubao wake wa kukatia pembeni, na kisiwa kikilowa nakifuta hapohapo.