Picha Hukatwa, Hupunguzwa au Hupogolewa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Najifunza kazi katika studio ya picha hapa Mwembe Tayari. Juzi mteja alituma picha ya harusi akaandika, "Nipunguzie nusu." Nikaipunguza. Kumbe alitaka zile pande zenye watu ziondoke, abaki bwana harusi na bibi harusi. Alipoiona ndogo na watu wote bado wamo, alikuja juu. Bosi husema "ikate", wenzangu husema "ikropu", na simu yangu imeandika "Punguza". Neno sahihi ni lipi? Na ukutani tuandikeje bei?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikuondoe lawama kwanza: ulifanya ulichoambiwa. Ujumbe wa mteja una maana mbili, na ubaya wake ni kwamba hata nambari zisingekuokoa. Tuseme picha ilikuwa na pikseli, vile vinukta vinavyoiunda, 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ulipoipunguza nusu ikawa 2000 kwa 1500. Lau ungekibakisha kipande cha katikati tu, nacho kingeweza kuwa 2000 kwa 1500 vilevile. Zote mbili ni pikseli milioni 3. Lakini katika ya kwanza ukoo mzima umo, ila nyuso zimefifia; katika ya pili robo tatu ya picha imetupwa, na waliobaki unaweza kuwahesabu kope. Kompyuta inaona mamoja. Mteja haoni hivyo.

Neno punguza lina tabia hiyo popote lilipo. Ukiketi kwa kinyozi ukasema "nipunguze", anajua ni nywele, na kwamba hutaki kunyolewa kipara. Ukimpelekea fundi cherehani gauni ukasema "punguza", fundi mwenye akili hagusi makasi. Huuliza: wapi? Urefu au kiuno? Hilo ndilo swali ulilopaswa kumrudishia mteja, kwa sababu picha ina mengi ya kupunguzwa: upana, uzito wake wa kutumwa kwa simu, mwanga, hata watu. Kitenzi hiki peke yake hakitoshi. Kinataka kuambiwa kinachopungua ni nini.

Kwa nini basi simu ikaandika "Punguza"? Nadhani watafsiri walibanwa. Kwenye menyu za kompyuta, "Kata" lilishachukuliwa zamani na wale ndugu watatu, Kata, Nakili, Bandika. Huwezi kuweka "Kata" mbili kwenye programu moja zenye kazi tofauti. Wakakimbilia punguza, wakasahau kuliongezea kijina cha kulishika mkono.

Bosi wako naye hajakosea. Kata ni neno la studio tangu picha zikiwa karatasi na makasi yakiwa mezani, na watu wa hapa hulisikia vizuri. Lina vijimiiba vyake tu. Mzee akiuliza, "Mbona mumenikata kitwa?" anakulaumu wewe. Akisema kichwa kimekatika, hakuna wa kulaumiwa, ni kama umeme unavyokatika. Na kama mpiga picha alisimama karibu mno tangu mwanzo, usiseme miguu imekatwa; sema haikuingia pichani. Hayo ni mambo matatu tofauti, na Kiswahili kinayatofautisha kwa herufi chache. (Nimeandika kitwa makusudi. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na sisi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, tukarudi majumbani na kitwa chetu.)

Mwiba mwingine wa kata ni mtendwa wake. Nani anakatwa? Ukisema "kata tawi", tawi ndilo linaloanguka. Ukisema "kata mti", mti wote uko chini. Basi "kata picha" maana yake hasa ni nini, ikiwa picha ndiyo tunayotaka ibaki? Kinachotupwa ni kingo zake. Ndiyo maana mimi husema "kata kingo", na hapo hapana wa kupotea.

Hapa ndipo ninapolipenda neno ambalo hukunitajia: pogoa. Mkilifi wa uani ukitanda hadi dirishani, huukati. Unaupogoa. Mtendwa ni mti, na mti unabaki, tena na umbo zuri kuliko jana. Hiyo ndiyo kazi ya kile kifremu unachokivuta pembe kwenye skrini: kuondoa cha pembeni ili cha katikati kipumue. Kwa mantiki, pogoa linawashinda wote. Kwa soko, sina hakika nalo. Ukimwambia mteja wa Mwembe Tayari "nitakupogolea picha", atakutazama kama umeshika panga. Litumie ukiandika kitabu cha mafunzo. Pale kaunta liache lipumzike.

Kropu, yaani crop ya Kiingereza, sina ugomvi nalo. Kiswahili kimekwisha kuzoea kr mwanzoni mwa neno, tazama krimu na kriketi. Ila mkilikopa, likopeni kikamilifu. Vitenzi vinavyoishia kwa u vina njia yao, kama jibu na jaribu: huwa jibiwa, jaribiwa. Kwa hiyo picha "imekropiwa", si "imekropwa" kama ninavyosikia. Na kwenye kukanusha irabu haibadiliki: tunasema "sikati", lakini "sijibu", basi na "sikropu".

Kuna jambo moja la kazi yenu linalonifurahisha. Kwenye Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, ukiondoa alama pale panaposema pikseli zilizo nje ya fremu zifutwe, kile "ulichokata" hakiendi popote. Kimejificha tu, ukipanua fremu tena, watu wote hao warudi. Hapo si kata, si pogoa, wala si punguza. Ni kupinda. Fundi akipinda gauni, kitambaa cha ziada kimo ndani ya pindo, na mwakani mtoto akirefuka kinafumuliwa. Na kwa vile pindo ni pia jina la ule mzunguko wa kanga unaouzingira mji, nashangaa hakuna mtafsiri aliyepita Biashara Street akaona istilahi zimetundikwa madukani: mji ni katikati ya picha, pindo ni kingo. Hata onyo limo. Ukiipiga kanga picha kisha ukakata chini bila kuangalia, jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, linaondoka, na kanga inabaki bubu.

Sasa ukuta wenu. Andikeni mistari miwili na bei mbili: "Kukata kingo za picha" na "Kupunguza ukubwa wa picha". Ya tatu iwe "Kupunguza MB", maana wapo wanaokuja kwa hilo tu, fomu za mtandaoni zikiwakatalia picha nzito. Mteja akituma ujumbe mfupi kama ule, mjibu kwa swali moja: "Nani abaki?" Akijibu "kifua kwenda juu" au "wawili wa katikati", kazi umeshaijua.

Na akitaka shangazi aondoke, usimtumie bosi neno "mkate" peke yake. Saa hizo za jioni ataelewa umekwenda kununua mkate wa sinia. Andika "mtoe pichani".