Prosesa imeingia kwenye soketi, skrini ni nyeusi

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, nikaagiza vipande Kampala ili kijana wangu aniunganishie. Tulipata prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5-9400F, mazabodi (bao kuu) ya H110 iliyotumika, RAM moja ya DDR4 ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 240, na kasha lililokuja na pawa saplai yake iliyoandikwa wati 500. Prosesa na mazabodi vyote vimeandikwa LGA1151 na vimekaana vizuri. Tukiwasha, feni zinazunguka lakini skrini haionyeshi chochote. Muuzaji anasema tumeunguza prosesa. Ni kweli? Na nifanye nini nipate mashine ya kuaminika? Wanafunzi huniletea kazi zao usiku wa mwisho, na mashine ikizima wateja wanaenda kwa jirani.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kwa dalili ulizoeleza, sidhani kama mmeunguza kitu. Mmenaswa na mtego ambao umewanasa hata mafundi wenye miaka mingi kazini, na sehemu ya lawama ni ya Intel wenyewe.

Jina LGA1151 maana yake ni soketi, yaani kikalio cha prosesa, yenye pini 1151, basi. Intel walilitumia kwa familia mbili tofauti. Mazabodi za mfululizo wa 100 na 200, kama hiyo H110 yako, ni za prosesa za kizazi cha 6 na cha 7. Mwaka 2017 walipoleta kizazi cha 8, Core i5 ilitoka viini vinne (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) ikawa na viini sita, wakabadilisha kazi za baadhi ya pini, hasa zile za umeme. Umbo hawakulibadilisha. Ndiyo maana prosesa yako ya kizazi cha 9 imeingia bila kulazimishwa, kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa cha jirani lakini haugeuki. Kizazi cha 8 na cha 9 vinataka mfululizo wa 300: H310, B360, B365, H370, Z370 au Z390. Ukiwa dukani angalia tarakimu ya kwanza baada ya herufi. Moja na mbili, kizazi cha 6 na cha 7. Tatu, cha 8 na cha 9.

Kwa kawaida kosa hili haliharibu prosesa. Kinachoharibika kwa urahisi ni pini za mazabodi, nyembamba kama nywele, mtu anapotoa na kurudisha prosesa mara kwa mara. Mwambie kijana aimulike soketi kwa tochi ya simu, kwa pembe. Pini zote zinapaswa kung'aa kwa mpangilio mmoja. Kama kuna iliyolala, utaiona.

Sasa habari mbaya kidogo. Hata mngeweka prosesa hiyo kwenye mazabodi sahihi, skrini ingebaki nyeusi. Ile herufi F mwishoni mwa 9400F inamaanisha prosesa haina grafiki ndani yake. Tundu la HDMI lililo kwenye mazabodi halina wa kulilisha picha. F inataka kadi ya grafiki ya peke yake, na kwa duka la kuchapa hiyo ni gharama isiyo na faida, tena ni kitu kingine cha kuharibika. Isitoshe, sokoni kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi. Mimi nisingeenda huko.

Ningefanya hivi: rudisha H110 na 9400F, hata ukipoteza kidogo, uchukue H310 pamoja na i5-8400. Hii pia ina viini sita, na ina grafiki yake ndani. Kama fedha zinabana, i3-9100 isiyo na F itakutosha kabisa kwa kuchapa, kuskani na kufungua mtandao. Ila hapo kuna mtego wa tatu: H310 zilitoka kabla ya prosesa za kizazi cha 9, kwa hiyo ambayo BIOS yake, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, haijasasishwa haitaitambua i3-9100. Kuisasisha mara nyingi kunahitaji prosesa ya kizazi cha 8 ya kuazima. Ukichukua i5-8400, shida hii huna. RAM yako ya DDR4 na SSD vitahamia huko bila tatizo, ilimradi mazabodi iwe na nafasi za DDR4.

Najua kuna atakayekushauri ubaki na H110 na utafute prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, kwa kuwa ni bei ya chini. Itawaka, ndiyo. Lakini Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7. Kompyuta inayochomekewa flashi za watu hamsini kwa siku si ya kuiacha bila masasisho ya usalama.

Ukitaka kuanza upya na vitu vipya, mchanganyiko wangu wa kawaida kwa ofisi ndogo ni i3-12100, mazabodi ya H610 na RAM mbili za GB 8. Hapo chunga kitu kimoja: mazabodi za soketi hiyo, LGA1700, kuna za DDR4 na kuna za DDR5. Zote mbili ni RAM za pini 288, lakini mkato wa katikati umewekwa mahali tofauti, na RAM ikisukumwa kwa nguvu nafasi inavunjika. Feni ya prosesa ya zamani nayo haitaingia, kwa sababu umbali wa matundu ya skrubu umeongezeka kutoka milimita 75 hadi 78.

Basi tuje kwenye kile ambacho hukuniuliza, na ndicho kinachonisumbua zaidi katika orodha yako: pawa saplai iliyokuja na kasha.

Wewe wa Arua huhitaji kufundishwa na mtu wa Kampala habari za umeme. Huko West Nile, eneo lenu la kaskazini-magharibi mwa Uganda, mlikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, mkihesabu saa za mwanga. Tatizo la kompyuta si umeme kukatika tu. Ni jinsi unavyorudi, ukiyumba juu na chini ya zile volti 240. Pawa saplai ndiyo inayopokea kipigo hicho, na ikiwa ya hovyo inaweza kufa pamoja na mazabodi na SSD.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa pembeni. Soma jedwali dogo la kibandiko, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa inakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216 tu, hata kama nje imeandikwa 500. Mashine yako yenyewe haitafika wati 150, kwa hiyo namba ndogo peke yake si hatari. Hatari ni mtengenezaji anayedanganya kwenye kibandiko, maana huenda amedanganya pia kwenye vifaa vya ulinzi vilivyomo ndani. Ipime mkononi: nyepesi kama mkebe mtupu, iache. Tafuta ya wati 450 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, ile ya kutopoteza umeme mwingi. Hapa ndipo ningetumia fedha ulizookoa kwenye kadi ya grafiki.

Watu husema, "Mimi nina UPS (kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), pawa saplai haijalishi." Inajalisha. Umeme ukikatika, UPS ya kawaida huchukua milisekunde chache, mara nyingi chini ya 10, kuhamia kwenye betri. Katika muda huo kompyuta inaishi kwa akiba iliyo ndani ya pawa saplai. Nzuri hushikilia takriban milisekunde 16. Ya hovyo haifiki, kompyuta inajizima na kuwaka upya, na mwenye duka anailaumu UPS. Wengi wamenikubalia baada tu ya kununua UPS ya pili.

UPS ya VA 650 inatosha. Kumbuka VA si wati: ya ukubwa huo hutoa wati 360 hivi. Unganisha kompyuta na skrini peke yake. Printa ya leza na mashine ya fotokopi zichomeke ukutani, kwenye stabilaiza yao, kwa sababu zinapopasha moto ile rola ya kuyeyusha wino wa unga huvuta mamia ya wati kwa mkupuo na kuizidi UPS. Na plagi yako ya pini tatu, hakikisha ile pini ndefu ya juu ina waya wa ardhi kweli. Nyumba nyingi za kupanga zina tundu lake tu.

Mengine kwa haraka. Ongeza RAM ya pili ya GB 8 ya kasi ileile. Badilisha betri ya mazabodi, ile CR2032 mviringo, ukinunua tena iliyotumika. Vumbi la kiangazi la huko hulijui wewe? Lipulizwe nje ya duka kila baada ya miezi miwili, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke.

Ungeniuliza kabla hujanunua chochote, huenda ningekuambia uchukue kompyuta nzima ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya kizazi cha 8. Zimepimwa pamoja tangu kiwandani. Ubaya wake ni kwamba pawa saplai na mazabodi zake nyingi zina plagi za peke yake, kwa hiyo siku pawa saplai ikifa hupati mbadala kwenye duka la kawaida. Kwa mtu aliye saa nyingi za basi kutoka Kampala, naona vipande vya kawaida vina nafuu yake.

Kabla muuzaji hajafunga mzigo, mwambie aiwashe mazabodi ikiwa na prosesa na RAM zake, aingie kwenye BIOS, na akutumie video fupi inayoonyesha jina la prosesa kwenye skrini. Risiti iandikwe namba kamili za vifaa, F ikiwepo au isiwepo. Kuhusu hiyo H110, kipande cha plastiki kinachofunika soketi kirudishwe mahali pake kabla haijapanda basi, la sivyo atakukatalia kwa kisa cha pini.