Mosfeti za inveta zimeungua tena baada ya wiki tatu, shida iko wapi?

Swali: Habari fundi. Nipo Kibaha, nina inveta ya sola 3kVA ya 24V, ile nyepesi isiyo na transfoma kubwa. Betri ni mbili za 200Ah. Imepiga kazi miaka miwili vizuri tu, siku moja pampu ya kisima ya 1HP na friji vikawaka kwa pamoja ikafa. Fundi akatoa mosfeti zote (transista zinazowasha na kuzima umeme mkubwa) za upande wa betri akaweka za namba IRF3205, ikakaa wiki tatu, juzi saa saba mchana jua kali ikapiga pah, moshi. Yeye anasema mosfeti nilizonunua ni feki. Waya wa betri ni 16mm za mraba, urefu kama mita nne kwenda. Nitengeneze tena au ninunue mpya?

Jibu: Pole sana kaka. Usinunue mpya kwanza, maana hata mpya ukiifunga hapo hapo ilipo itakufa vile vile. Na mosfeti zako huenda sio feki kabisa, ila hazikuwa za hapo.

Hiyo saa saba mchana uliyoitaja ndo imenipa mwanga. Inveta nyingi nyepesi za namna hiyo upande wa betri zinatumia push-pull, yani mosfeti upande huu ukiwaka, zile za upande wa pili zinapokea volti mara mbili ya betri. Usiku betri ipo 25, kwa hiyo mosfeti inaona 50. Mchana chaja ya sola inapandisha betri mpaka 28.8, zidisha mara mbili unapata 57.6, na hapo sijaweka spaiki, yani volti zinazoruka ghafla juu yake. Sasa IRF3205 mwisho wake ni 55V! Ni mosfeti nzuri tu, mafundi tunaipenda maana ipo kila duka na inabeba ampea nyingi, ila kwenye mzunguko huo ni ya 12V. Kwa 24V tafuta ya 100V kama IRFB4110, weka zote mpya za aina moja na ikiwezekana za paketi moja, usichanganye mpya na zilizopona, maana zilizopona zimeshachoka na mzigo hautagawanyika sawa.

Kabla hajachomeka hizo mpya mwambie apime geti draiva, yani sakiti inayosukuma geti (mguu wa kuwashia mosfeti). Mosfeti ikipiga shoti mara nyingi volti za betri zinarudi kwenye geti zinaua rezista ndogo na transista zinazoisukuma, ukiweka mosfeti nzuri juu ya draiva mbovu inakufa ndani ya sekunde. Halafu asiwashe moja kwa moja, aweke taa ya mbele ya lori ya 24V kwa series kwenye chanya ya betri, yani umeme upite kwenye taa kwanza: ikiwaka kidogo ikafifia sawa, ikikaa inawaka kali kuna shoti bado na hujapoteza kitu. Na aangalie mikono, kapasita za ndani (zinazotunza chaji) zinashika zaidi ya 300V DC hata ukishazima.

Ile ya kwanza iliyokufa baada ya miaka miwili ni kesi nyingine, hapo nalaumu waya. Pampu ya 1HP inapoanza inavuta mara tano sita ya kawaida, ukiongeza na compressor ya friji upande wa betri unaomba ampea 250 na kuendelea, kwa waya wa 16mm mita nane kwenda na kurudi unapoteza zaidi ya volti mbili njiani, volti zikishuka inveta inavuta ampea nyingi zaidi kufidia, na mosfeti ndo zinazolipa. Sogeza inveta karibu na betri, waya usizidi mita moja na nusu, uwe 50mm, chanya na hasi zifungwe pamoja zitembee sambamba (ukizitawanya zinaongeza zile spaiki). Ila usiiweke juu kabisa ya betri kama ni za maji, mvuke wa asidi unakula bodi.

Friji iwekee friji gadi (kifaa cha kulinda friji) yenye kuchelewesha kuwaka, pampu uiwashe kwanza ndo friji ifuate.

Vumbi nalo pulizia kila baada ya miezi michache, feni ikianza kulia badilisha, usingoje isimame. Nimewahi kufungua moja nikakuta mjusi amekauka katikati ya feni, mwenyewe analalamika inveta ina joto. Na kapasita za upande wa betri zikiwa zimevimba kichwani toa zote, weka za 105°C.

Mosfeti za mwanzo kabisa kama fundi hajazitupa nitumie namba zilizoandikwa juu yake, pamoja na picha ya bodi, nijue kama kweli ni push-pull kabla hujatoa hela.