Usimpeleke binti Newala, mlete bibi mjini

*Shikamoo Shangazi. Naishi Mtwara mjini, Chikongola. Nina binti wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Baada yake mimba mbili ziliharibika, kisha Mungu akanijalia wa kiume, sasa ana wiki 7. Mume wangu ni dereva wa lori, msimu huu anabeba korosho kutoka Newala na Tandahimba, nyumbani analala siku moja au mbili kwa wiki. Mtoto analia kuanzia magharibi mpaka saa nne, saa tano. Jirani anasema maziwa yangu ni mepesi, nimpe uji. Silali. Kuna usiku natamani nifungue mlango niende nisirudi.*

*Binti naye amebadilika. Zamani alikuwa mkono wangu wa kulia, sasa nikimtuma ananuna. Anachelewa kurudi kutoka shule, na mara mbili ameletwa na bodaboda. Juzi nilimwambia afue nepi, akanijibu, "Mama, siku hizi unaniita ukitaka nepi tu." Nikampiga kofi mbele ya wenzake. Tangu hapo hasemi nami. Mama yangu yuko Newala, anasema nimpeleke kwake atamnyoosha. Unyago alishachezwa akiwa na miaka 9, adabu anaijua. Shangazi, nimpeleke?*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uzazi, na pole kwa zile mbili zilizopotea, maana najua zile nazo zina nafasi yao moyoni hata sasa ukiwa na mtoto mkononi.

Umeniuliza kuhusu binti, nami nitakujibu. Lakini kuna neno la usiku umelitaja katikati ya barua kama jambo dogo, na mimi siwezi kulipita. Kutamani kufungua mlango uende usirudi. Siku za mwanzo baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu, machozi yanakuja na kuondoka. Ikizidi wiki mbili, tena mtoto akiwa na wiki 7, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una tiba. Haumaanishi kwamba humpendi mtoto. Nenda kliniki unakompeleka mtoto, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, umwambie muuguzi maneno yale yale uliyoniandikia mimi, usiyapunguze ukali kwa aibu. Akikuandikia kwenda hospitali ya Ligula, nenda. Na ukifika usiku ambao unahisi utajidhuru au utamdhuru mtoto, mlaze chali mahali salama, gonga mlango wa jirani, uende hospitali usiku huo huo. Huyo jirani wa uji, hata kama kwenye uji amekosea, kwa kuamka usiku nadhani ataamka.

Sasa huo uji. Usimpe. Maziwa ya mama yanaweza kuonekana mepesi kama maji ya mchele na bado yakawa yamejaa kila anachohitaji mtoto mpaka atimize miezi 6. Hata maji hahitaji, pamoja na joto hili la Mtwara la kabla ya mvua, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa yenyewe ni maji. Ukitaka kujua kama anashiba, acha kuyatazama maziwa, hesabu nepi. Akilowesha 6 au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi unapanda, anashiba. Kilio cha jioni katika umri huu ni cha watoto wengi mno: huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua, na akifika miezi 3 au 4 nyumba huwa imetulia. Mbebe mgongoni kwa kanga, tembea naye uani, mpe titi kila anapotaka. Ila akipata homa, akikataa kunyonya, akilegea au akihema haraka haraka, hapo hakuna cha dawa ya mizizi wala cha kusubiri asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Na kama chanjo ya wiki ya 6 imekupita katika uchovu huu, mpeleke, bado atapewa.

Nije kwa binti.

Mwanangu, yale aliyokujibu wewe uliyasikia kama utovu wa adabu. Mimi nayasoma nasikia mtoto anayelalamika kwamba amempoteza mama yake. Fikiria nyumba yenu ilivyokuwa. Miaka 14 alikuwa peke yake. Baba akisafiri, mlikuwa wawili, mnakula sahani moja, pengine mnalala kitanda kimoja. Mimba zilipoharibika, ni yeye aliyekuwa ndani na wewe, akiona mama analia bila kuambiwa sababu. Kisha amekuja mtoto aliyesubiriwa na ukoo mzima, tena wa kiume, nyumba imejaa wageni wa hongera, na kazi yake yeye imekuwa kuchota maji, kupika, kufua nepi, halafu aende shule akiwa amesinzia. Umeandika kwamba alikuwa mkono wako wa kulia. Naomba ulifikirie neno hilo. Mkono hauulizwi kama umechoka.

Sisemi asisaidie kazi. Mtoto wa miaka 14 asiyeosha hata sahani analelewa vibaya, na kwetu huku hatukukua hivyo. Nasema hii ni Oktoba, na mtihani wa kidato cha pili umeshakaribia kabisa. Mwondolee nepi. Mtafute mtu wa kufua hata mara tatu kwa wiki, baba yake atoe hela, msimu huu ndio wenye hela. Mwachie kazi moja aijue kuwa ni yake, tuseme kupika chakula cha jioni, na zikibaki saa za kusoma ziwe za kusoma.

Halafu kofi. Umwombe radhi. Najua wapo watakaokuambia mzazi haombi radhi kwa mtoto, utamharibu. Mimi nimelea wanne na naamini kinyume chake: mtoto aliyepigwa mbele ya wenzake kwa kusema kilichomuuma anajifunza kwamba nyumbani ukisema ukweli unapigwa, na kuanzia hapo ukweli wake anaupeleka kwingine. Usitoe hotuba. Mtoto mchanga akilala mchana wa Jumamosi, nunua ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, tandika mkeka uani, mkae mkimenya na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Vijana wa umri huu ukiwakalisha ukawatazama usoni wanafunga mdomo, lakini mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno hutoka. Mwambie, "Mwanangu, nilikosea kukupiga. Ulisema kweli, siku hizi nakuita kwa kazi tu." Kisha nyamaza. Asipojibu siku hiyo, usimlazimishe. Jumamosi ijayo tandika mkeka tena.

Umeniambia adabu anaijua kwa sababu alishachezwa unyago. Na mimi nilichezwa, siuchukii unyago, mengi niliyofundishwa kule yamenisitiri. Lakini mtoto wa miaka 9 huambiwa kwamba amekua, anatolewa na ngoma na kanga mpya, anarudi nyumbani, na wengi wetu hapo ndipo tunapomaliza. Mambo aliyofundishwa akiwa na miaka 9 hakuyaelewa. Sasa ndiyo anayahitaji, mwili unabadilika kila mwezi, na hana wa kumuuliza. Kwa desturi yetu mama hazungumzi na bintiye mambo hayo, ni kazi ya somo, yaani yule mwanamke aliyemfunda unyagoni, au bibi, au shangazi. Nakuuliza basi: somo wake yuko wapi? Lini mara ya mwisho alimwita? Nani anayemnunulia taulo za hedhi? Kama somo yuko mbali au ameshasahau, fanya wewe. Desturi hiyo iliwekwa wakati bibi na somo walikuwa nyumba ya pili. Leo wako Newala na wewe uko Chikongola, na bodaboda yuko barabarani kila siku.

Huyo bodaboda usimpuuze, ila usianze naye kwa ugomvi. Inawezekana ni kaka wa rafiki yake aliyemhurumia na jua. Inawezekana pia ni mtu mzima anayemlipia chipsi leo ili adai kesho. Hujui, na njia ya kujua ni kuuliza kwa sauti ya kawaida: nani yule, anaitwa nani, mlikutana wapi, nauli alilipa nani. Kisha mtake huyo kijana, mbele ya binti, ajitambulishe kwako. Mwenye nia njema atakuja hata na shikamoo. Binti naye aambiwe wazi, bila vitisho, kwamba mtu mzima anayemtaka mwanafunzi anavunja sheria, na kwamba anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Aambiwe na hili ambalo wazazi tunalisahau: kwamba hata kama ameshakosea, mlango wa kwanza wa kukimbilia ni wako. Kama atakueleza jambo linalotisha, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na simu 116 ya kusaidia watoto haina malipo, anaweza kuipiga hata yeye mwenyewe.

Sasa jibu la swali lako. Usimpeleke.

Nakuambia kwa sababu mimi nilimpeleka wangu. Mkubwa wangu wa kiume alikuwa na miaka 13 nilipojifungua wa tatu, alikuwa ameanza ukaidi, na mimi nilikuwa nimechoka kama ulivyochoka wewe. Mama yangu alikuwa Nachingwea, akasema mlete nimnyooshe. Nikampandisha basi na begi lake. Alikaa miaka miwili. Alirudi na adabu zote, anaamka alfajiri, anafagia bila kutumwa, akinikuta asubuhi ananiamkia vizuri na kuinama kidogo, kama unavyomwamkia mama wa jirani. Niliyemtaka arudi hakurudi. Mpaka leo ni mtu mzima ana watoto wake, tunapendana, ananitumia hela kila mwezi, lakini kuna jambo alilofunga siku ile kwenye basi na sijawahi kulifungua. Aliniambia mara moja tu, tukiwa msibani: "Mlizaa mwingine mkaniondoa." Mimi nilidhani nampeleka kulelewa, kumbe yeye alijua anafukuzwa.

Binti yako akiondolewa sasa, wiki hizi ambazo mdogo wake ana wiki 7, hakuna maelezo utakayompa akaamini jingine. Na hapo sijataja mtihani wala uhamisho wa shule.

Ila mama yako hajakosea kwamba nyumba yako inahitaji mkono wa pili. Amekosea upande wa kuuelekeza. Badala ya mjukuu kupanda Newala, yeye ashuke mjini. Wiki nne tu. Amshike mtoto kuanzia magharibi, hizo saa za kilio, wewe ulale, kwa kuwa kulala saa tatu mfululizo kwa mama wa hali yako ni nusu ya dawa. Na usiku, ukiwa na mtoto titini, bibi alale chumba kimoja na mjukuu wake mkubwa, wazungumze yale ambayo wewe desturi inakuzuia na yeye inamruhusu. Huko ndiko kunyoosha nikujuako mimi.

Najua utaniambia korosho zinadondoka sasa hivi, mama hawezi kuliacha shamba. Kweli, Oktoba kumwomba mtu wa Newala aache korosho chini ni kumwomba mengi. Lakini vibarua wa kuokota wapo, na mume wako anaweza kuwalipa wiki hizo nne. Itampunguzia kidogo mfukoni, haitamuua. Kama kaka yako yuko huko, mwambie asimamie. Yeye ndiye mjomba wa watoto hawa, na kwa sisi wa upande huu mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Basi wiki hizi neno lake liwe kulinda mikorosho ya mama. Atakayekuwa mgumu pengine ni mama mwenyewe, kwa fahari tu. Usimwambie "njoo unisaidie kazi." Mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, pamoja na ule wa mlango na usiku. Mama akisikia hilo atazifunga korosho zake mwenyewe.

Na baba watoto, yule anayelala nyumbani siku moja kwa wiki, ana kazi mbili ambazo hazimpotezei hata safari moja. Ya kwanza, ampigie simu binti yake kila jioni akiegesha lori, aulize habari za shule, asiulize habari za mdogo wake mpaka binti azitaje mwenyewe. Ya pili, lori lake linapanda Newala tupu na kushuka na mzigo, na kiti cha abiria kiko wazi. Safari ijayo amshushe mama mkwe wake. Siku wanayokuja umwambie binti mapema, na yeye ndiye aende kumpokea bibi barabarani, wewe ubaki ndani na mtoto.